Siku Nilipolala Maiti Mbele ya Nyumba Yangu

Jamani, hii aibu nimeimeza muda mrefu, na najua mtacheka, lakini mie mwenzenu nikiikumbuka nalia. Nafundisha fasihi huku Mbagala, na kila mwaka nawaimbia wanafunzi kwamba kwenye tanzia mahali si pambo, mahali panaua: shujaa anakufa kwa sababu mto umefurika na mjumbe mwenye habari ya kumwokoa kakwama ng'ambo.

Basi tukatunga tanzia yetu ya mto huohuo, na badala ya kuigizia ukumbini (mkuu wa shule alishatupa, na feni juu!) nikajitia ujuaji, nikasema msiba uonekane msiba, twendeni kwangu. Tukafunga turubai mbele ya nyumba, wasichana wakakaa mikekani na kanga zao, mie nikalala katikati nimefunikwa shuka gubigubi (ushujaa nilijipa mwenyewe, sifa mbaya jamani). Simu nikazima, maiti atapokeaje simu?

Saa sita tukafanya mazoezi. Wale wasichana walilia, acha kabisa! Jirani yangu Mama Zuhura alikuwa anapita na bajaji kwenda sokoni, akaona turubai, akaona shuka, na anajua naishi peke yangu. Akampigia mama yangu Kimara hapohapo: "Dada, jikaze, mwalimu katutoka."

Mama akanipigia, sipatikani. Akapiga tena na tena, wapi! Kimara na Mbagala hazitenganishwi na mto, ni foleni tu, na mama mwenye presha akaikalia saa mbili nzima akijua mwanawe wa pekee kafa.

Alifika onyesho limepamba moto, watu wamejaa hadi barabarani. "Mwanangu! Mwanangu wee, ungeningoja!" Wanafunzi wakapiga makofi, mmoja akasema, "Huyu bibi anajua kuigiza, balaa!" Mie chini ya shuka nikaijua ile sauti, nikakurupuka: "Mama, mie mzima!" Ndiyo, maiti nikakaa kitako mbele ya mama yangu. Akaniangalia, akaanguka, na watu bado wanapiga makofi.

Yuko hai, namshukuru Mungu, ila mkono wa kushoto hauinuki tena. Tanzia sasa nafundishia darasani kwa chaki, simu iko mezani inawaka, na msiba wa kuigiza sitaulalia tena hata mniahidi nini. Jumapili nikienda Kimara namwamkia, "Shikamoo mama." Haitikii kwanza. Ananishika shingo kwa ule mkono mzima, anasikilizia kama nina joto, ndipo anasema marahaba.