Siku Tulipowahamisha Wakaguzi wa Mtaa Wetu

Sogeeni, nyinyi mliokulia katikati ya mji wa Mwanza miaka ile ya tisini, wakati maduka yalipoanza kujaa vitu ghafla kama mtu aliyefungua bomba akasahau kulifunga. Mnakumbuka? Wazazi wetu walikuwa bado wanasimulia foleni za sukari, na sisi tayari tunagombania jojo za rangi nne. Marobota ya mitumba yalishushwa asubuhi, ikifika jioni nusu ya darasa mmevaa majaketi ya baridi kali na jua la Mwanza linawaka. Nyumba ikipata televisheni, mwenye nyumba alipoteza dirisha, maana watoto wa mtaa mzima tulikuwa tumelining'inia.

Sisi tuliishi kwenye mtaa mkongwe unaoteremka kwenda gatini. Maghorofa yake yalijengwa na Wahindi wa zamani: chini duka, juu nyumba, mbele baraza pana lenye nguzo nene. Baba alikuwa fundi wa meli, na tulipanga vyumba viwili vya juu ambavyo upepo wa ziwa uliingia ukiwa umebeba harufu ya sato wa kukaangwa. Zile nguzo zilifaa kwa kombolela, ule mchezo wa kujificha, kuliko uwanja wowote duniani. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi, tukala mihogo ya pilipili, na bibi alipokuja kutoka Misungwi na matobolwa yake, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, tulijaza mifuko ya sketi mpaka ikaning'inia kama ya kangaruu. Mama akituona alisema neno lake lilelile: "Kila mtu ana tumbo moja, mbona mnakula kama mnahama?"

Katikati ya mtaa ilisimama mikuyu mitano mikubwa, na juu ya mikuyu waliishi makorongo. Si wale weupe wembamba wa kwenye vitabu vya shule. Wetu walikuwa na upara, mfuko wa nyama shingoni, na kimo cha mtoto wa darasa la pili. Walitembea polepole barabarani, mabawa yamekaa mgongoni kama mikono iliyofumbatwa, wakichungulia kila kitu bila kumsalimia mtu. Tuliwaita Wakaguzi, kwa sababu wakaguzi wa elimu walipokuja shuleni kwetu walitembea vilevile. Walifuata mapanki, yaani ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishakatwa, ambayo kina mama wa kona yetu waliikaanga na kuiuza. Mabaki yalirundikwa chini ya mikuyu, na Wakaguzi hawakukosa kazini hata siku moja.

Sasa siku moja kipande cha ukingo wa ghorofa la Mzee Dinu kikadondoka barazani, puu, kikamkosakosa mteja. Mzee Dinu alikuwa Mhindi wa duka la misumari na rangi, mtu mpole, na Kisukuma chake kilinishinda mimi niliyezaliwa nacho. Jengo lile lilijengwa na babu yake. Mteja aliyekoswa alikuwa amesimama apimwe gauni na Ma Koku, fundi cherehani wa barazani, Mhaya mwenye sauti ya kusimamisha meli. Ma Koku hakumpa pole mteja. Alitundika futi yake shingoni, akasimama katikati ya barabara, akaita majina ya nyumba moja baada ya nyingine mpaka watu wote wakatoka.

"Mji huu una babu zake," alisema, "na babu zake ndio haya majengo. Babu akichafuka mnamwogesha au mnamtupa?"

"Tunamwogesha!" tukapiga kelele watoto, ingawa hakuna aliyetuuliza sisi.

Ndivyo ilivyozaliwa Kamati ya Mabaraza. Ma Koku akawa mwenyekiti, Mzee Dinu akawa mtoa rangi kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye rangi, na mama yangu akawa katibu. Kila Jumamosi mtaa mzima ulishuka na mafagio, majembe na ndoo. Mitaro ilizibuliwa. Marobota ya mitumba yaliyoziba mabaraza yakapewa mipaka. Nguzo zikasuguliwa kwa maji ya ziwa, na tulipozisugua tukakuta chini ya uchafu kuna maua yaliyochongwa ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Mzee Dinu alilia kidogo, halafu akasema ni vumbi.

Kwenye rangi ndipo penye kituko. Kila mkubwa alitaka yake, na Mzee Dinu hakuwa na rangi moja ya kutosha mtaa. Mama, mtu wa Usagara ya huku Usukumani, ambaye mpaka leo hawezi kuitamka herufi r, akamaliza ubishi: "Changanyeni langi zote, itakayotoka ndiyo yetu." Zikamiminwa kwenye pipa, Masalu rafiki yangu akapewa mti wa kukoroga, akakoroga mpaka nyusi zikabadilika rangi. Ikatoka rangi isiyo na jina, kama juisi ya ukwaju iliyotiwa maziwa. Tuliipenda palepale. Tulipaka nguzo, tukapaka kuta, tukapakana wenyewe, na paka wa Mzee Dinu akapakwa mkia kwa bahati mbaya.

Asubuhi ya Jumatatu tulishuka kwenda kuitazama kazi yetu. Wakaguzi walikuwa wamekwisha kuikagua. Kila ukuta ulikuwa na michirizi myeupe kuanzia juu mpaka chini.

Na mkosi ulivyo, siku hiyohiyo akaja Bwana Afya wa manispaa. Alikuwa mtu nadhifu, suruali imepigwa pasi ukingo wa kukata mkate. Alitazama kuta, akatazama juu, akaruka pembeni kwa wakati.

"Hii miti itakatwa," alisema. "Yote. Hakuna miti, hakuna ndege."

Jamani, uso wa Ma Koku! Mikuyu ile ndiyo ilikuwa kivuli cha cherehani yake, cha kina mama wa kona, cha wazee wa bao. Mtaa bila ile miti ungekuwa kikaango. "Baba," alimwambia, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo, "tupe mpaka shule zifunguliwe. Ndege tutawaondoa sisi."

"Mtawaondoaje?"

Ma Koku akageuka nyuma kututazama sisi watoto, tumejipanga na mabaka ya rangi mashavuni, likizo ndiyo kwanza imeanza na hatuna kazi yoyote duniani. "Tunalo jeshi," akasema.

Ndugu zangu, sijawahi kupewa cheo kilichonifurahisha kama kile. Masharti yalikuwa mawili. Ma Koku aliyatangaza akiwa amesimama juu ya kiti: "Manati marufuku. Jiwe marufuku. Ndege apigwe kelele tu!" Basi tukakusanya madebe, masufuria mabovu, vifuniko, filimbi, na tarumbeta moja ya kanisani ambayo mwenyewe hakujua imeazimwa. Alfajiri jua likichomoza juu ya mawe, tunaanza. Jioni Wakaguzi wakirudi kutua, tunaanza tena. Masalu aliongoza kwa pipa lile la rangi, sisi wengine tunafuata tukizunguka mikuyu, tukiimba wimbo tuliotunga wenyewe, "Mkaguzi nenda, ripoti tumeisoma!" Abiria walioshuka melini walidhani kuna harusi, na baadhi yao walijiunga wakacheza mpaka walipogundua hakuna pilau.

Mwanzoni Wakaguzi walitudharau. Walitutazama kutoka juu kama watu walioulizwa jambo lisilowahusu. Mmoja alishuka kabisa, akapita katikati yetu, akachukua panki lake, akapanda tena. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini hatukuacha, na jioni moja, kelele zikiwa zimepamba moto, wakainuka wote kwa pamoja. Mbawa zao zilitia giza barabara. Walizunguka juu ya ghuba mara kadhaa, halafu wakaelekea kilimani na hawakurudi. Watu wazima walipiga vigelegele kutoka madirishani. Baba alinibeba mabegani, na nilikuwa mkubwa wa kutobebeka tena.

Tulifagia, tukapaka kuta upya, na siku chache zikapita kwa raha tupu. Kisha ikaja Landirova ya manispaa. Sote tuliijua kuwa ya kijivu, ila siku hiyo ilikuwa nyeupe. Akashuka Bwana Afya, suruali haina ukingo.

"Shikamoo, Bwana Afya!" tukaimba.

"Marahaba ya nini! Nani kaniletea ndege?"

"Ndege gani tena, baba?" Ma Koku akauliza, mguu ungali kwenye cherehani.

"Wale wenye upara! Wamejaa kwangu kule kota za kilimani. Mke wangu hatoki nje bila mwavuli. Jana mmoja kaingia jikoni, kachukua sangara mzima, kamtazama mke wangu machoni, katoka zake kwa mlango!"

Mtu alikohoa. Mzee Dinu akasogea mbele taratibu, amefumbata mikono kwa heshima. "Pole sana, mheshimiwa. Lakini dawa yake si unayo? Kata mti."

"Nikate mti?" Bwana Afya alipandisha sauti. "Ule mti ndio kivuli cha nyumba nzima! Mama yangu mzazi anakaa pale mchana kutwa! Mtu ana akili zake atakataje..."

Hapo akajisikia mwenyewe. Alisimama mdomo wazi, akatazama mikuyu yetu, akamtazama Ma Koku. Ma Koku alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha mteja, mabega yanatikisika. Likampasuka cheko lile la kusimamisha meli, na Bwana Afya, baada ya kujizuia kiume kwa muda mfupi, akashika nguzo akacheka mpaka machozi. Nguzo ilikuwa imepakwa tena asubuhi ile, bado mbichi. Aliondoka na kiganja cha rangi ya ukwaju.

Lakini kwanza alikaa barazani, akaletewa chai, na wakubwa wakazungumza vizuri. Wakakubaliana kwamba ndege hawana kosa, kosa ni mapanki. Manispaa ikaleta mapipa yenye vifuniko na gari la kuyachukua kila asubuhi, kina mama wa kona wakaapa kufunika, na Wakaguzi wakahamia dampo, nje ya mji, walikofurahi kuliko sisi. Miti haikuguswa. Siku ya kusherehekea, Ma Koku alipika ndizi, mke wa Mzee Dinu akapika pilau, na kila mtoto akapewa soda nzima. Nzima, jamani! Si ile ya kugawana kwa kifuniko.

Leo Ma Koku hayupo, wala Mzee Dinu. Upande mmoja wa mtaa umevunjwa, pamesimama ghorofa la vioo ambalo ukipita unajiona mwenyewe umezeeka. Mikuyu imebaki miwili. Vijana wa sasa wana kundi la mtaa kwenye simu, nami wameniingiza. Mwezi uliopita walitangaza usafi wa Jumamosi. Picha za ufagio zilitumwa nyingi mno, na dole gumba, na makofi. Nikafunga safari na ufagio wangu. Ufagio mwingine sikuuona.

Nilikuwa nimeanza kufagia baraza nilipomwona kijana mmoja akijipiga picha kwenye nguzo. Nikamwambia, "Mwanangu, unajua nguzo hii niliipaka rangi mimi, nikiwa darasa la nne?"

"Wewe, mama?" Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kandambili. Akapapasa yale maua ya kuchonga. Kisha akaweka begi lake chini, akanirudisha nyuma kidogo nikae sawa na nguzo, akainua simu.

"Basi cheka, mama, nikupige."

Kumbe nilikuwa nimeshaanza.