Aliyesema Basi Ndiye Anayepika

Siku yangu ya kwanza kazini baharini nilifika nimevaa koti zito la marehemu baba, maana niliambiwa huko kuna upepo, na sisi watu wa Singida upepo tunaujua. Nikapanda boti, nikawaamkia wote walionizidi umri, kisha nikasimama katikati nikatazama juu. Anga jeupe pee, wingu hata la dawa hakuna. Nikatamka kwa sauti, nikitaka nionekane mjuzi, "Leo kazi itakwenda vizuri, mvua haipo."

Boti nzima iliangua kicheko. Kiongozi wa mabaharia, ambaye kazini huitwa serahangi, alikuwa mzee mfupi wa Tanga, sauti yake kubwa kuliko mwili. Akaweka kikombe chini.

"Wewe mtu wa bara, unatafuta nini huko juu? Unataka kupanda mtama?"

"Naangalia hali ya hewa, mzee."

"Hali ya hewa ya hapa iko chini ya miguu yako. Tazama maji!"

Tangu hapo jina langu likawa Bara, na hata wake zao waliniita Shemeji Bara. Lakini jamani, mtu aliyekulia Mwankoko angetazama wapi? Kwetu mkulima akiamka hunyoosha shingo juu kabla hajanawa uso. Maji mengi niliyoyajua ni ya ziwa Singidani, na hayo hayanyweki kwa chumvi.

Nawasimulia ninyi vijana kwa sababu siku hizi bomba la mafuta limepita mkoani kwetu, na baadhi yenu mmepata vibarua huko. Mnakuja kunisalimia, shikamoo babu, marahaba, kisha mnaniuliza mafuta hufikaje melini na hutokaje. Kaeni basi, ila msinikatize.

Mimi nilisomea ufundi bomba. Kazi ya kwanza nilipata Dar es Salaam, kwenye ghala la mafuta, kukaza nati na kubadilisha gasketi, ile pete nyembamba inayokaa kati ya vinywa viwili vya bomba ili mafuta yasivuje. Siku moja Msimamizi wa Ghala akaniita.

"Unaogopa maji?"

"Sijui, bwana mkubwa. Sijawahi kukutana nayo."

"Safi. Nenda kwenye boti kabla hujajifunza kuogopa."

Ndivyo nilivyoingia baharini, wala sikuomba.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Meli kubwa ya mafuta haiwezi kusogea hadi ukingoni, kina hakitoshi, ingekwama kwenye mchanga. Kwa hiyo huko nje, mbali na nchi kavu, kuna boya, dude la chuma kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, limefungwa kwa minyororo hadi sakafuni mwa bahari. Meli hufungwa pua yake kwenye boya kwa kamba nene kuliko paja langu. Nyuma yake tagi, ile boti fupi yenye nguvu za ajabu, huivuta mkia ili isije ikapanda juu ya boya. Meli ikishatulia, ndipo sisi tunaleta mipira.

Mipira ninayosema si ya kuchezea. Ni mabomba ya mpira yanayoelea juu ya maji, yameungana marefu kama treni ya mizigo ya Manyoni. Winchi ya meli hunyanyua ncha ya mpira hadi ubavuni mwa meli, nasi tunaibana kinywa kwa kinywa na bomba la meli, bolti moja baada ya nyingine. Mkono wako uko katikati ya vinywa viwili vya chuma, na kimoja kinaning'inia. Hapo ndipo utakumbuka sala zote ulizofundishwa madrasa.

Upepo wa kusi ukivuma, maji huchafuka wazi, kila mtu anaona, unabaki nyumbani. Huo si adui mkubwa. Adui ni mawimbi marefu yasiyo na povu. Yamezaliwa na dhoruba ya mbali sana, pengine huko tusikokujua hata jina, yanasafiri kimya, yanakuja kukukuta chini ya jua zuri na anga kama la sikukuu. Hayapigi kelele. Yanainua meli taratibu, yanaishusha taratibu, na mpira unafuata. Serahangi alikuwa akisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, nami nikadhani ni methali tu, mpaka nilipoona kamba nene ikikatika mbele yangu, mlio wake kama radi, bahati nzuri hapakuwa na mtu karibu.

Baadaye nilihamishiwa Mtwara, kuhudumia meli zilizokuwa zikitafuta gesi. Huko tulipeleka mabomba, maji, saruji na vyakula. Mpishi wa meli moja aliomba vitunguu kwenye redio mpaka tukamwonea huruma. Tukapakia magunia, na mimi nikajigamba kwamba hivyo ni vya kwetu Singida. Loo! Tulipofika, mawimbi yakakataa. Wavu wa winchi haukuweza kushuka kwenye boti yetu bila kutuponda. Tukakaa pembeni ya meli siku kadhaa, mpishi akiviona vitunguu vyake kwa macho, sisi tukimwona yeye kwa macho, na yeye anapika nyama bila kitunguu. Vilipopanda hatimaye vilikuwa vimeota majani. Akatuambia kwenye redio, "Asanteni kwa mboga za majani." Ile redio ilikuwa wazi, meli zote zilisikia.

Niliporudi kwenye boya la Dar es Salaam, nilimkuta yule mzee wa Tanga bado serahangi, na desturi yake bado ipo. Desturi yenyewe ni hii. Mtu yeyote kikosini, awe fundi, awe mpishi, awe amefika jana, akiona hatari anasema neno moja tu, "Basi!" Kazi inasimama palepale. Hakuna ruhusa ya kuuliza kwa nini mpaka watu wote wawe wamerudi ndani ya boti. Ila aliyesema Basi ndiye anayewapikia wenzake siku hiyo. Mzee alitueleza sababu: mtu asije akasema Basi kwa uvivu, na pia akishasema, wenzake wasimchukie, maana huwezi kumnunia mtu huku unakula chakula chake. "Heri nusu ya shari kuliko shari kamili," alimalizia, "na heri wali mbichi kuliko kidole kilichokatika."

Mzee alistaafu, nami nikawekwa kukaimu nafasi yake. Hapa sasa mnielewe vizuri. Mke wangu Mwanaidi na watoto walikuwa hukuhuku Mwankoko miaka yote hiyo. Mimi nililala bwenini na wanaume wenzangu, mwanangu wa mwisho aliniita "mjomba" nilipokuja likizo, na hilo liliniuma, sitaki kuwadanganya. Serahangi aliyethibitishwa hupewa nyumba ya kituo, anaishi na familia yake. Kaimu hapewi kitu. Mkuu wa Kituo alikuwa bado hajaamua kama nafasi ni yangu au ataleta mtu kutoka kituo kingine. Akatuma neno kwamba atapanda boti mwenyewe kunitazama, na meli ile ikishaunganishwa atatoa jibu. Mwanaidi alikuwa ameshaanza kufunga vyombo. Nikamwambia kwenye simu asifunge, akaniambia, "Wewe funga meli yako, mimi nifunge vyombo vyangu."

Siku hiyo bahari ilikuwa tambarare, ungeweza kuanika ufuta. Mkuu wa Kituo, bwana mnene mwenye viatu vinavyong'aa, alisimama ubavuni mwa boti akiwa ameshika chuma kwa mikono miwili. Nahodha wa kufunga meli, bosi wetu wa siku zote huko majini, alikuwa juu melini. Tulifunga pua, tagi ikavuta mkia, winchi ikanyanyua mpira. Watu wangu wawili walipanda, wakaanza kutia bolti. Roho yangu ilikuwa inaimba. Nikaiona nyumba ya kituo, nikamwona hata Mwanaidi akigombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo.

Kisha mpira ukapumua. Ulipanda kidogo, ukalegea, ukashuka, ukavutika. Nikageuka kutazama kamba ya tagi, nayo ikazama ndani ya maji, halafu ikanyanyuka ikidondosha maji. Upepo haukuwepo kabisa. Nikasubiri. Ukapumua tena, safari hii zaidi, na nikaona mkono wa fundi wangu ukiwa katikati ya vinywa viwili.

Mkuu wa Kituo yuko hapo, jua zuri, meli inasubiri, na mimi mtu wa bara! Nilijua nikisema nitaambiwa nini. Nikasema.

"Basi!"

Mafundi wakatoa mikono, wakafungua bolti walizokwisha kutia, mpira ukarudishwa majini, watu wakashuka. Hakuna aliyeuliza. Mkuu wa Kituo ndiye aliyefungua mdomo, maskini, hakuijua desturi.

"Kwa nini? Mbona bahari imelala?"

"Subiri kwanza, bosi," fundi wangu akamwambia kwa adabu. "Hatuulizi mpaka wote tuwe tumeingia."

Tulipoingia nikaeleza. Tukakaa kungoja yale mawimbi. Tukakaa. Lahaula, bahari ikawa kama uji uliopoa! Hata kikombe hakikutikisika. Vijana wakaanza kunipiga vijembe. Mmoja akasema, "Bara, labda ni samaki alipiga chafya." Nahodha kwenye redio akasema meli imepoteza siku nzima, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Mkuu wa Kituo akaitazama saa yake. Nikajua unga umemwagika. Nikawaza nitampigiaje Mwanaidi.

Lakini desturi ni desturi. Nikaingia kwenye jiko dogo la boti. Nilichokuwa nacho ni unga wa uwele na mlenda mkavu ambao Mwanaidi alinitumia kwa basi. Nikasonga ugali mweusi, nikapika mlenda na karanga kidogo. Watu wa pwani kuona mlenda unavyovutika, we! Mmoja aliuliza kama hiyo nayo ni kamba ya kufungia meli. Tukacheka mpaka machozi, mimi nikicheka huku moyo unalia. Mkuu wa Kituo akasogea, akanawa, akakata tonge dogo la heshima. Kisha akakata kubwa. Akala mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Serahangi," akasema, "ulijua kwamba leo naamua juu yako?"

"Nilijua, bosi."

"Na bahari haikuchafuka."

"Haikuchafuka."

"Kesho ukiona kama ulichokiona leo, utafanya nini?"

"Nitasema Basi, bosi. Na mlenda bado upo."

Akacheka, tumbo lake lote likatikisika. Akanawa mikono. "Huyo mkeo mwambie aje. Ila aje na kuku wa Singida, huu mlenda unashuka kabla sijatafuna."

Kesho yake tuliunganisha meli bila shida yoyote. Mwanaidi alishuka kwenye basi na watoto, vyombo, na majogoo wawili waliowika njia nzima mpaka abiria wakamchukia. Tuliishi nyumba ile hadi nilipostaafu. Siku ya kuagwa niliwaambia vijana waliobaki kwamba vifaa vitabadilika, na vimebadilika kweli. Sasa kuna mashine zinazopima mawimbi na kutabiri hali ya hewa ya kesho. Vizuri sana, mzitumie. Lakini mashine haitasema Basi mbele ya bosi. Hilo bado linahitaji mtu, na linamtetemesha kila mara. Mimi nilitetemeka hadi mwaka wangu wa mwisho.

Sasa nalima alizeti na kuwasumbua wajukuu. Wiki iliyopita kijana mmoja wenu, aliyepata kazi huko kwenye bomba, alinisikiliza hadi mwisho, akakuna kichwa.

"Kwa hiyo, babu, siku ile ulikosea?"

"Nilikosea," nikamjibu. "Mawimbi hayakuja."

Mwanaidi akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Usimdanganye mtoto wa watu," akasema. "Watu wangapi walikaa kula jioni ile?"

"Wote."

"Na kila mmoja alikula kwa mkono wake mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

"Basi mwambie hivyo," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.