Sabuni ya Nguruwe Mwitu

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta yanayochemka, natoka nje. Kila wanaume walipoua nguruwe mwitu waliovuruga mpunga, mama alipika sabuni nyuma ya nyumba yetu pale Ifakara. Nyama tulikula, sisi Wakristo. Mafuta yalikaa kwenye debe mpaka yakachacha na inzi wakayafanya kwao. Kisha mama aliyamiminia magadi, yale maji makali ya majivu ya maganda ya ndizi, akakoroga kutwa nzima. Povu lilipanda rangi ya usaha. Mimi kazi yangu ilikuwa kutema mate kwa kinyaa.

Likizo moja, katikati ya miaka ya hamsini, nilirudi kutoka shule ya kati ya wasichana nimejaa elimu hadi puani. Nikamfundisha mama pale pale kwenye moshi, nimebana pua. Chuma ni elementi: kikate vipande elfu, ni chuma tu. Chumvi iliyomwagika mchangani ni mchanganyiko: itie maji, chuja, chemsha, chumvi yako unaipata. Lakini sabuni ni kampaundi. Mafuta na magadi yakishaungana, yanazaa kitu kipya kabisa.

"Kwa hiyo nguruwe hayumo tena?" mama aliuliza.

"Hayumo," nilisema, kwa majivuno ya kijinga.

Wiki hiyo hiyo akamgawia kipande jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyenipenda kama binti yake. Mama hakuona kosa. Mwanawe msomi alikwisha sema. Mimi niliona. Na bado nikamwacha akipeleke.

Siku ya tatu jirani aliniita uani kwake. Alikuwa ametoka kuparua samaki, mikono inanuka shombo, na alitaka kunawa kabla ya kutia udhu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hii sabuni mama yako kaipika kwa mafuta gani?"

Swali lilikuwa moja, jepesi. Nikajibu somo langu: "Mafuta hayamo tena, mama. Yameshageuka. Hii ni sabuni tu."

"Alhamdulillahi," alisema, akaanza kunawa. Povu likapanda mpaka viwikoni. Akilini nikaliona debe, nikawaona inzi, nikatapika pale pale ukutani. Yeye akadhani nina homa. Akaja mbio, akanishika mgongo, akanifuta mdomo kwa mikono ile ile yenye povu.

"Ni nguruwe," nikasema.

Aliniachia. Hakupiga kelele. Alinawa maji, akasugua udongo, akanawa tena, mara saba. Nilihesabu kwa sababu sikujua macho niyapeleke wapi. Nilijichukia kuliko nilivyolichukia lile debe.

Jioni nilimweleza mama, naye akaenda kuomba radhi, akilia. Akasamehewa siku hiyo hiyo, na Idd ilipofika sahani ya pilau ikaja kwetu kama kawaida. Nikajipa moyo kwamba yamekwisha. Nilipoirudisha sahani nilimwamkia, naye akaitikia akitazama mlango.

"Mama yako sikumwuliza," alisema. "Wewe nilikuuliza."