Uwanja Tulioupata kwa Shoka

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nimeswaga ng'ombe kwa miguu kutoka milima ya Masisi mpaka kule wanakoliwa, nimenunua malori matatu, na watu walionicheka zamani wamekuja kuniomba kazi wakiwa na kofia mkononi. Shule niliiacha darasa la tatu kwa wamisionari, na sioni nilichopungukiwa. Lakini nikisikia harufu ya utomvu wa mpira unaokauka juu ya ngozi ya mtu, harufu chachu kama maziwa yaliyolala karibu na moshi, narudi kwetu Walikale, kando ya barabara ya kwenda Mubi, miaka ile ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka kumi na jina kubwa kuliko la baba yangu.

Jina hilo nililipata kwa kazi. Kati ya kambi ya wachimba madini na kijito palikuwa na kipande cha msitu, na ndani yake mitambaa ya mpira ilipanda miti mpaka juu kabisa. Nilikuwa naichanja kidogo kwa kisu, nakinga utomvu mweupe katika jani, kisha najipaka mkononi na tumboni na kukaa juani. Ukikauka unaubandua kama ngozi ya nyoka, na vinyweleo vyako vinakwenda nao. Machozi yanatoka, lakini fundi halii. Vipande hivyo unavizungusha kimoja juu ya kingine, siku baada ya siku, mpaka upate mpira unaoruka kuliko chura. Nilibadilisha mipira yangu kwa chumvi na samaki wakavu, na hata watoto wa kijiji cha Mpofi walikuja kwangu. Kasoro ilikuwa moja tu: tulichezea barabarani, na kila lori la madini lilipopita tulitawanyika kama kuku.

Msimu mmoja wa kiangazi kapita, msimamizi wa kambi, mtu mnene aliyependa kutembea na fimbo, akatangaza kwamba bwana mkubwa wa mgodi ataleta mpira wa ngozi, na vijana wetu watashindana na vijana wa Mubi. Watakaoshinda watapewa jezi kumi na moja zenye kola. Katika kambi nzima hapakuwa na kijana mwenye shati la kola. Ila kwanza uwepo uwanja. Mjomba wangu Kibira, mwindaji asiyependa maneno mengi, alishauri uwanja ulazwe sambamba na barabara, ili miti ya upande wa kijito ibaki. Kapita alikataa. Alisema watu watasimama wapi, na gari la bwana litakaa wapi. Kata yote mpaka majini. Kisha akauliza nani anajua njia za mle ndani. Nikaruka mbele kabla hajamaliza.

“Huyu mutoto iko na akili kuliko wazee,” kapita aliwaambia watu wa shoka.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Siku tisa nilitembea mbele ya watu wazima nikiwaonyesha palipo na siafu, mti gani ukianguka utavuta wenzake, na mtambaa gani ukatwe kwanza ili mti usining'inie. Waliniita Papa Bahati, kama baba wa watu, mimi mtoto wa miaka kumi. Siku ya tano mjomba alikuja, akasimama akiangalia, akaniambia bila hasira, “Bahati, pale unapeleka batu ya shoka, njo duka yako.” Alimaanisha kwamba pale ndipo duka langu la mipira. Nikamjibu, “Mujomba, pori haiishake.” Watu wa shoka walicheka sana, wakanipa muhogo wa kuchoma. Na kweli, kwetu Walikale nani aliwahi kufikiri kwamba msitu unaweza kwisha?

Uwanja ulipendeza, siwezi kudanganya. Visiki vilikatwa chini na kufunikwa udongo mwekundu, magoli yalikuwa ya mianzi. Akina mama walinung'unika kwamba uyoga na viwavi wa kuliwa sasa ni kuvifuata mbali, na hondohondo waliohamia ng'ambo ya kijito hatukuwasikia tena asubuhi. Mimi sikujali. Nilikuwa nangoja mpira wa ngozi.

Siku ya mchezo, mvua ya usiku ilikuwa imeshaosha udongo juu ya visiki. Tulikuwa tunaongoza mawili kwa moja, na wachezaji wetu walishaanza kubishana nani atachukua jezi namba tisa, ndipo mmoja wao akapiga shuti la chini. Mpira uligonga kisiki kilichochongoka, ukatoa pumzi ndefu kama mgonjwa, ukalala. Katekista aliyekuwa mwamuzi alisema wenye uwanja walete mwingine, la sivyo Mubi wameshinda. Uwanja mzima ukageuka kunitazama.

“Wewe njo fundi,” kapita alisema. “Kimbia, tunakungoja.”

Nilikimbilia kijitoni, maana miguu haikujua pengine pa kwenda. Mipira yangu ya zamani nilikuwa nimeshaigawa yote, mpira wa ngozi ulipofika, kama tajiri anayegawa nguo kuukuu. Mitambaa ilikuwa imelala chini, mikavu, na makovu meupe yamegeuka kuwa unga. Mingine ilikuwa ng'ambo, mwendo wa saa nzima, na utomvu haukauki kwa kuamriwa. Nilirudi mikono mitupu. Kijana mmoja wa Mubi, mwenye pengo, alikuwa ameshavaa jezi yake. “Uwanja yenu iko muzuri sana,” alituambia. “Mulale ndani.”

Kapita hakunisemesha mpaka Noeli. Mjomba alinichukua kesho yake tukavuka kijito, akanionyesha tena namna ya kuchanja bila kuua, kana kwamba sijawahi kuijua. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Methali hiyo niliijua kabla, ila siku ile ilinivua nguo mbele ya watu.

Leo naishi Masisi, na kamati ya mji haiwezi kukaa bila mimi. Vijana waliomba uwanja, nami niliwaunga mkono, maana mtoto hafai kucheza mbele ya malori. Fundi wa ramani, kijana mwenye diploma, alikuwa ameulaza juu ya kichaka cha kando ya mto, wanakolala korongo wenye taji. Nikamwambia augeuze. Akasema, “Papa, tukigeuza tutaingia mu shamba ya muntu.” Nikamjibu kwamba shamba lina bei. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa maharagwe. Aliponitajia bei nilicheka. Kesho yake bei ikapanda, na siku ya tatu ikapanda tena. “Papa Bahati,” alisema, “cheka tena kidogo, nijenge na jiko.” Sikucheka. Zamani neno moja la kapita na kiherehere cha mtoto viliangusha kwa siku tisa msitu ambao hakuna aliyetuuliza bei yake. Siku hizi kukiacha kichaka kidogo kimesimama karibu na vijana wanaocheza kumenigharimu mimi mwenyewe, mkononi mwa yule mama, pesa za zaire elfu arobaini na moja, mia sita na hamsini.