Miguu ya Bibi Anjelina

Siku yangu ya kwanza kazini nilibonyeza kamera mara thelathini na sita na sikupata picha hata moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo nyumbani hayakuzungumzwa wakati wa kula. Studio ilikuwa Makambako, karibu na stendi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la bluu. Mwenye studio aliitwa Mtaalamu na mji mzima. Hata mkewe alimwita hivyo. Alinikabidhi kamera nzito ya chuma akanielekeza mlangoni.

"Ina mkanda?" nikamuuliza.

"Haina."

"Sasa nitapigaje?"

"Macho unayo?"

"Ninayo."

"Basi kapige. Mkanda mmoja una nafasi thelathini na sita. Zikiisha, rudi uniambie umeona nini."

Ninyi mnaoanza leo kwa simu huenda hamjui mkanda. Ni ile filamu tuliyoipachika ndani ya kamera, ikasogea nafasi moja kila ulipovuta. Ulichokipiga hukukiona. Makambako hatukuwa na mashine ya kusafishia, kwa hiyo mikanda yetu ilipanda basi kwenda Njombe, na picha zikarudi baada ya siku kadhaa, wakati umeshasahau jua lilikuwa upande gani. Ndiyo maana Mtaalamu alinipa daftari. Kwa kila nafasi niliandika mwanga ulikotoka, umbali wa mtu, kasi ya kamera na ukubwa wa tundu la lenzi. Tundu hilo hufanya kazi kama jicho la paka: gizani hupanuka, juani hubana.

Mwezi mzima nilipiga kwa kamera tupu. Watu wa stendi hawakujua. Mama mmoja muuza ndizi za kuchoma alijipanga kila asubuhi, akafunga kitenge vizuri, akacheka. Siku ya tano akanisimamisha.

"We kaka, picha yangu bado tu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ndani hamna kitu.

"Kwa hiyo siku zote hizi unanichekesha meno bure?" Akawageukia wenzake. "Huyu anapiga hewa. Ukija kununua, nitakupimia ndizi ya hewa."

Jina hilo la Hewa lilinifuata Makambako miaka miwili.

Wiki ya tatu nilichoka. Haikuwa kazi iliyonichosha, kwani hakukuwa na kazi ya kuchosha. Nilichoshwa na kutoona matunda. Wenzangu niliosoma nao walikuwa tayari matingo kwenye malori, wanarudi na habari za Tunduma na Dar, na mimi natembea na kamera tupu. Kilichonirudisha kila asubuhi ni lile swali la jioni. Mtaalamu alikuwa akifunga mlango anauliza, "Leo umeona nini?" Na haikuruhusiwa kurudia jibu la jana. Ikabidi niwe na kitu. Nikaona kwamba saa sita mchana kofia humfanya mtu asiwe na macho. Nikaona kwamba kivuli cha ukuta mweupe humng'arisha mtu mweusi kuliko jua lenyewe. Nikaona kwamba mtu akishangaa kamera, mabega hupanda, na ukingoja kidogo hushuka. Vitu vidogo hivyo. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa naamka mapema ili nisije nikakosa cha kusema jioni.

Mwezi wa saba nikatumwa peke yangu kwa mara ya kwanza. Mtaalamu alikuwa na homa, na familia moja ya Mdandu ilikuwa imeomba mpiga picha wa kipaimara cha binti yao, Neema. Baba Neema alinipokea misheni, tukapiga picha kanisani, kisha nyumbani. Zilipobaki nafasi chache akaniambia, "Na mama yangu pia mpige."

Huyo ndiye Bibi Anjelina. Alitoka ndani polepole, akasimama mbele ya ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa. Mwanga ulimwangukia vizuri ajabu. Pale studio tulikuwa na kalenda yenye nyuso za watu, nyuso tupu zilizojaa ukurasa, nami nilikuwa nimezitazama miezi saba. Nikamsogelea. Nikamsogelea tena. Nikabonyeza mara mbili.

Mkanda uliporudi kutoka Njombe, nilijua nimeiva. Kila mkunjo wa uso ulionekana. Niliipeleka bahasha Mdandu mwenyewe, Jumapili, nikijisikia bwana mkubwa.

Picha za Neema zilipita mkono kwa mkono, watu wakafurahi. Bibi alipopewa yake aliitazama, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Miguu yangu iko wapi?"

"Bibi, hii ni picha ya uso. Ni mtindo."

"Mtindo wa kumkata mtu?"

Baba Neema akaichukua, akaitazama muda mrefu. "Kijana," akasema, "mama yangu hajawahi kuvaa viatu maisha yake yote. Vile nilimnunulia kwa ajili ya siku ile. Hukuviona?"

Sikuviona. Huo ndio ukweli. Na nilikuwa nimeshaambiwa: sehemu zetu enzi hizo picha ya nusu mtu ilikuwa ya karatasi za ofisini. Picha yenyewe ilikuwa mtu mzima, kichwa mpaka viatu. Mtaalamu alinifundisha hilo wiki ya pili, na nilikuwa nimeliandika kwenye daftari.

"Watoto wa Neema watasema bibi wa mama yao alikuwa hana miguu," Bibi akasema. Hakukasirika. Aliiweka picha juu ya kigoda, akaingia ndani. Nikaiacha hapohapo.

Niliporudi Makambako, mke wa Mtaalamu alikuwa amewasha jiko la mkaa mlangoni kwa sababu ya baridi. Nikachukua vipande vya mkanda wenye ile picha, ambavyo bila hivyo nakala nyingine haitoki, nikavitia motoni. Vilijikunja na kunuka. Kisha nikaweka kamera mezani.

"Nimeacha kazi," nikamwambia Mtaalamu.

"Leo umeona nini?"

"Nimeona kwamba siwezi."

"Hilo hukuliona, hilo umelisikia kichwani mwako. Nakuuliza umeona nini."

Akakohoa, blanketi begani, akingoja. Mwisho nikasema, "Sikuona viatu."

"Haya. Sasa ndiyo umeanza kazi." Akafungua droo, akatoa kamera yake mwenyewe. "Humu zimebaki nafasi tatu. Kesho nenda kwa huyo mama. Yeye ndiye akwambie asimame wapi, na wewe usimame wapi. Ukirudi bila miguu, hapo utaacha kazi na mimi nitakusaidia kufunga mzigo."

Nilimkuta Bibi Anjelina anapalilia viazi. Nikamwamkia, "Kamwene, Bibi," kwa Kibena changu kibovu, akaitikia akicheka. Nikamweleza nilichotumwa. Hakuniuliza swali. Alinawa miguu kwenye beseni, akaikausha kwa kanga, akatoa viatu kwenye boksi lake. Vilikuwa vyeusi, na kishikizo cha kung'aa pembeni. Akasimama mlangoni.

"Mimi nisimame wapi, Bibi?"

"Wewe rudi nyuma."

Nikarudi.

"Unaviona?"

"Naviona."

"Na udongo?"

"Udongo gani?"

"Ninaoukanyaga. Usinifanye naning'inia kama kuku wa mnadani. Rudi."

Nilirudi nyuma mpaka kisigino kikagonga tuta la viazi. Hapo nikaona mtu, viatu na udongo kidogo chini yake. Nikabonyeza mara moja. Nafasi mbili zilizobaki nilizirudisha kwa Mtaalamu, na sikuacha kazi.

Picha hiyo aliipokea kwa mikono miwili. Nami tangu siku hiyo sijampiga mtu aliyesimama bila kumwachia udongo wake.

Miguu yangu mwenyewe haijui kutulia. Baada ya miaka minne nilimuaga Mtaalamu nikashuka Ludewa, nikapiga picha za wanafunzi chini ya mkuu wa shule aliyetaka kila mtoto afunge kifungo cha juu hata kama hakipo. Nikakaa, nikaondoka, nikarudi. Kisha Njombe, kwa yule mama aliyeendesha mashine ya kusafishia, tuliyemwita Mama Maabara. Yeye alinifundisha baridi. Njombe ukitoka kwenye ukungu na kuingia nyumba yenye moto, lenzi hutoka jasho, na picha zote huwa za maziwa. Dawa ni kuiacha kamera ndani ya mfuko mpaka izoee joto, nawe uzungumze na wenyeji. Siku nilipojitambulisha kwake alinikazia macho.

"Kumbe wewe ndiye uliyemkata yule bibi miguu. Picha ile niliitazama chakula cha mchana kizima."

"Nzuri?"

"Nzuri sana. Ningekuwa mimi ndiye bibi, na mimi ningeikataa."

Mwaka huu nimefunga studio yangu mwenyewe, niliyoifungua baadaye. Bado nipo kwenye miaka ya arobaini, wengi wanashangaa, lakini jicho la kulia limeingia ukungu usiotoka kwa kungoja mfukoni, na watu wana kamera zao mkononi. Nalima Kitandililo. Vijana hunifuata shambani kuniuliza nilivumiliaje, maana wao wamenunua kamera, wamepiga wiki tatu, picha hazifanani na za wengine, na hamu imekwisha. Sina dawa zaidi ya swali la Mtaalamu. Kila jioni jiulize umeona nini ambacho jana hukukiona. Ukiwa na jibu, kesho utatoka. Na ukikataliwa picha, mrudie yuleyule aliyeikataa, maana anajua kitu usichokijua.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Mdandu. Baba Neema alinipigia simu: Bibi Anjelina amefariki. Walitaka picha ya uso ya kutangulia mbele ya jeneza, kwa sababu katika ile ya mlangoni uso ulikuwa mdogo kama punje ya mahindi. Nilishikilia simu nikiona lile jiko la mkaa na vile vipande vikijikunja. Nikamwambia nilivichoma mwenyewe. Nikaenda hivyohivyo, mikono mitupu, na kamera.

Nilipofika, Neema, mama mtu mzima sasa, alikuwa amefungua sanduku la bibi yake. Akatoa ile picha niliyoiacha kwenye kigoda. Chini yake palikuwa pamegundishwa kwa uji wa sembe kipande cha karatasi ya daftari, na juu ya karatasi, kwa kalamu ya bluu, sketi, miguu miwili na viatu. Kila kiatu na kishikizo chake. Chini ya viatu, mistari ya udongo.

"Alinilazimisha nichore siku ileile ulipoondoka," Neema akasema. "Vile vishikizo alinirudisha mara tatu."

Baba Neema akaishika. "Tuikunje hapa chini. Watu watacheka."

"Baba, usimkate tena," Neema akasema.

Hawakuikunja. Neema aliibeba mbele ya jeneza, na watu kweli walicheka kidogo, kisha wakalia. Mimi nilikuwa mbele yao na kamera, naanza kurudi nyuma. Uso uliingia, kisha viatu vya bluu, kisha Neema mwenyewe. Nikaendelea kurudi mpaka kisigino kikagusa tuta la viazi, nikaona ardhi aliyoikanyaga, nikabonyeza mara moja.