Kamioneti ya Baba na Kilima cha Mulungwishi

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwa fundi kijana hapa Lubumbashi, nikamweleza kwamba likifika mlimani linaishiwa nguvu. Alichomeka waya chini ya usukani, akatazama simu yake, akanitajia kipuri cha kubadilisha. Dakika tatu, rafiki yangu, na boneti hakuigusa! Nilimshukuru, lakini nilisononeka kidogo, maana mimi nimekulia Likasi, na kwetu gari likidhoofika mtaa mzima uliacha kazi zake kuja kulitazama.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ambapo kila kitu kilikuwa kinaporomoka. Baba alikuwa karani katika kampuni ya migodi. Mshahara ulianza kuchelewa, kisha ukaacha kuja kabisa. Basi akashika jembe. Karani yule, mwenye kalamu mbili mfukoni, akalima mahindi upande wa Mulungwishi, na mwaka nilipotimiza miaka tisa yakakubali ajabu. Yalivunwa, yakajazwa magunia, yakalazwa ndani ya kibanda cha nyasi kilichokuwa kinavuja. Mvua za mwisho zilipiga karibu kila alasiri. Tulichobaki nacho cha kuyaleta nyumbani ni kamioneti yetu kuukuu, kigari cha mizigo, nayo ilikataa kupanda kilima kilichokuwa njiani.

Kwenye tambarare ilikwenda vizuri tu. Tatizo lilianza mlimani: kadiri baba alivyokanyaga mafuta, ndivyo ilivyozidi kulegea, ikitema moshi mweusi, mpaka ikasimama kama mtoto aliyegoma kwenda shule. Mara mbili tulirudi kinyumenyume hadi chini, mwishowe tukarudisha magunia kibandani na vijana wakaisukuma tupu hadi juu. Mfanyabiashara mmoja mwenye lori zima akaja kutuambia atayabeba yeye siku ya Jumamosi, ila nusu ya magunia itakuwa yake. Nusu! Hiyo ndiyo ilikuwa bukari yetu, yaani ugali, ya miezi mingi, na baba alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Alhamisi asubuhi akaifungua kamioneti pale uani. Nakwambia, kwangu ilikuwa kama sikukuu. Nilikaa juu ya tairi la akiba, nikinusa petroli upande mmoja na upande wa pili sombe, majani ya muhogo yaliyokuwa yanatwangwa na bibi, mama yake baba. Kila aliyepita alikuwa daktari. Mwalimu wangu alisema ni petroli ya chupa za kando ya barabara, imetiwa maji. Ikamwagwa yote, ikachujwa kwa soksi yangu ya shule. Mwingine akasema plagi. Zikasuguliwa kwa majivu mpaka zikang'aa. Wa tatu akatikisa kichwa akasema injini imechoka, auziwe yule mwenye lori kama chuma chakavu. Huyo nilimchukia hapohapo, na sijui kama nimeshamsamehe.

Ijumaa akaja jirani yetu, mzee aliyestaafu karakana ya kiwanda. Mashine zilikuwa zimemla masikio, kwa hiyo hakupoteza muda kusikiliza maoni ya watu. Aliniomba karatasi moja ya daftari, akaishika nyuma ya bomba la moshi huku baba akikanyaga. Ikatoka nyeusi. Akapitisha kidole, akatuonyesha: masizi makavu, hakuna hata tone la mafuta ya injini.

"Hii moteri haiko mugonjwa," akasema kwa sauti kubwa, kama wasiosikia wasemavyo. "Petroli iko inaingia mingi. Njo pumuzi inakosa."

Baba akaonyesha lile kopo kubwa la pembeni ambamo hewa hupita kabla ya kuingia injini. "Ile kopo haiko na kintu, Mzee. Minye mwenyewe njo nilitosha filtri." Ni kweli. Chujio lilichakaa, jipya halikupatikana popote, akalitoa kitambo na kuliacha kopo tupu. Ndiyo maana siku mbili nzima hakuna aliyelitazama.

Mzee hakubishana, labda hata hakumsikia. Alichomoa mpira mnene uliounganisha kopo na injini, akamwashiria baba akanyage. Jamani! Kamioneti ilinguruma mpaka kuku wakaruka ukuta. Moshi ukawa mwepesi, baba akatoa kichwa dirishani macho yamemtoka, na mimi nikajikuta nimesimama juu ya tairi nikipiga makofi.

Hapo bibi akaacha kinu. "Mungoje," akasema. "Mule muko kintu yangu."

Akafungua kopo mwenyewe, akatoa kitenge kilichokunjwa vizuri, kitenge cha ndoa yake. Wakati ule watu walipokuwa wanavunja milango mjini na kupora, baba aliiweka kamioneti juu ya matofali, bila magurudumu, wala hakuyarudisha mpaka mavuno yale. Bibi akaona wezi watapekua masanduku na magodoro, lakini nani atapekua tumbo la gari lililokufa? Kila baba alipokanyaga, injini ilikivuta kitenge kikaziba njia, akiachia, kikalegea.

"Mama, juu ya nini haukusema?"

"Nani aliniuliza? Mulikuwa munauliza tu moteri."

Jirani aliona mabega ya watazamaji yanavyotikisika kwa kicheko, akataka aelezwe, na mwalimu akamwandikia kisa chote nyuma ya ile karatasi ya masizi.

Jumamosi tuliondoka kabla mwenye lori hajaamka. Tulipakia magunia yote, bibi akakaa mbele na kitenge chake kiunoni kikinuka petroli, mimi katikati. Tukafika chini ya kilima. Baba akaingiza gia ya kwanza, kisha ya pili. Kamioneti ikaendelea kuvuta, mzigo wote mgongoni, tukapita pale ilipokuwa inafia, na baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati. Nilimtazama kwa mshangao, kwa sababu ndipo nilipogundua kwamba tangu mshahara ukome sikuwahi kuisikia sauti ile.

Sasa baba na bibi wamelala makaburini, na kamioneti iliishia vipande vipande. Mwaka jana nilipita pale kilimani na wanangu. Gari lilipanda kwa gia ya nne, watoto wakiwa wamesinzia nyuma, nami nikafika juu bila mtu kucheka.