Pointi za Bibi

Fundi makochi alikuwa mtu wa pointi. Tangu benki impe kadi ya mkopo na kumweleza kwamba kila anunuapo kitu atapata pointi, na pointi zikitosha zitamkatia tiketi ya ndege, hakununua tena sponji, kitambaa wala misumari kwa pesa taslimu. Jirani akitaka friji, fundi alimsindikiza dukani, akalipa kwa kadi yake, akarudishiwa pesa mkononi palepale, kisha akakimbilia benki kulipa deni kabla halijazaa riba. Watu walimcheka, wakambandika jina la Mzee Pointi. Yeye aliwajibu kwamba haba na haba hujaza kibaba, akaendelea kugonga misumari yake.

Safari aliyoiwekea akiba hizo ilijulikana nyumbani, ila haikutajwa. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa nchi ya mbali, na ndoa yenyewe aliisaini ofisini mchana mmoja bila kumwambia mtu. Mama mtu aliiona harusi ya mwanawe kwenye simu, sawa na jirani yeyote, na jambo hilo lilimkaa kooni. Tangu hapo hakuzungumza na binti. Binti alipojifungua, habari ikamjia baba. Mtaani wakaanza kumwita mkewe bibi, kwa nia njema kabisa, naye akawa na jibu moja kwa wote: "Bibi wa nani?" Hakuna aliyerudia.

Wawili hao walifanya kazi chumba kimoja, mume upande wa mbao, mke kwenye cherehani akishona foronya za mito ya makochi. Siku moja fundi aliinama kutafuta chaki chini ya cherehani, akakuta mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na vipande vya mahameli laini, masalio ya makochi ya watu, vimeunganishwa kwa mshono mdogo mdogo vikawa blanketi, na blanketi lenyewe halikuzidi mto wa kochi kwa ukubwa. Alilirudisha mahali pake, akanyamaza. Katika ndoa yao alikwishajifunza kwamba mdomo huponza kichwa.

Wiki hiyohiyo benki ikamtumia ujumbe kwamba pointi zake zitakufa mwisho wa mwezi. Zilitosha tiketi ya mtu mmoja, kwenda na kurudi. Fundi akapiga simu. Msichana aliyeipokea akamwuliza nani atasafiri.

"Ni bibi yangu," akasema, kama watu wa umri wake wanavyowataja wake zao. "Hajapanda ndege hata siku moja."

Sauti ya msichana ikalainika. Akauliza kama bibi anaweza kupanda ngazi. Fundi akamwona msichana huyu kalelewa vizuri kwao, akamweleza kwamba magoti humsumbua kidogo kwa sababu ya kukanyaga cherehani miaka yote. Tiketi ya bure ikaja na kodi zake, maana bure ya siku hizi haitembei peke yake. Akalipa.

Ikabaki kazi ya kumwambia mwenye safari. Alimwambia huku akipima kila neno. Mkewe alikata uzi kwa meno, kisha akauliza hizo pointi zikifa zinakwenda wapi. Fundi akamwambia haziendi popote, zinapotea. Sasa huyu ni mwanamke aliyetunza hata vifungo vya mashati yaliyochanika, na neno hilo lilimuuma.

"Basi nitakwenda, zisipotee," akasema. "Lakini usimwambie mtu kwamba nimekwenda kumwona mtoto."

Fundi alikubali, ila moyo wake haukutulia. Aliogopa mkewe asije akafika kwa binti, akaketi kama mgeni, akarudi kama alivyokwenda. Kimya cha mbali alikwishakizoea. Cha ana kwa ana kingewamaliza wote.

Uwanja wa ndege waliufikia mapema mno. Mkewe alikataa begi lake libebwe, na mfuko ule wa chini ya cherehani aliubana kwapani bila maelezo. Walipokuwa kwenye foleni akaja mhudumu mwenye sare, anasukuma kiti cha magurudumu, karatasi mkononi.

"Samahani, mama. Namtafuta bibi anayesafiri peke yake."

Fundi akaikumbuka ile simu. Akataka kueleza kwamba bibi na bibi si kitu kimoja, lakini mkewe alimtangulia. Alikitazama kiti, akamtazama mhudumu.

"Bibi wa nani?"

"Sijui, mama. Imeandikwa bibi tu."

Fundi akainamisha kichwa akisubiri radi ipige. Haikupiga. Aliposikia plastiki ikichakarika akainua macho. Mkewe alikuwa ameutoa ule mfuko kwapani, amelikunjua blanketi, analinyoosha kwa kiganja juu ya kile kiti kana kwamba anapima mto.

"Ni mimi," akasema. "Bibi wa mwenye blanketi hili."

Kukaa kwenye kiti alikataa katakata. Akasema miguu anayo. Aliweka begi juu ya kiti, akalikunja blanketi upya, akaondoka akitembea kando ya mhudumu. Kabla ya kupotea kwenye mlango wa ukaguzi aligeuka, akamwambia mumewe ampigie binti simu, amwambie mama yake anakuja.

Fundi alishindwa kupiga papo hapo, kwa kuwa hakuwa akiziona namba vizuri.